Mwanangu anataka kwenda madrasa na wenzake. Nimrudishe kwa nyanya yake Meru?

"Mshauri, mume wangu ni mfanyakazi wa serikali na mapema mwaka huu alihamishiwa Lamu. Sisi ni Wakristo, tumetoka Meru, na tumepanga nyumba ndani ya mji wa kale. Majirani zetu wote ni Waislamu. Mume wangu hana neno, jioni yuko barazani na wanaume wenzake mpaka saa tatu. Mimi sina hata mwanamke mmoja wa kuongea naye. Ramadhani jirani alituletea sahani ya futari. Niliogopa kwamba ni chakula cha ibada, nikakimwaga, nikarudisha sahani. Tangu siku hiyo naona wananikwepa. Kijana wetu wa miaka 8 amebadilika: anaongea kama wao, alitaka kufunga na wenzake, na sasa analia apelekwe madrasa. Binti wa miaka 13 hana shida, yeye ametulia tu chumbani kwake, ila siku hizi halali vizuri na chakula hakitaki. Mume wangu ananiambia ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mama mkwe anapiga simu kila Jumapili kunikumbusha kwamba mwacha mila ni mtumwa, na anataka tumpelekee watoto kabla hawajasilimishwa. Nifanye nini?"

Dada yangu, unaogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba Lamu itakunyang'anya watoto, na kwamba ukiwazuia utakuwa adui wa mtaa mzima. Hofu hiyo nimeikuta kwa familia nyingi zinazoletwa Pwani na kazi, na nitaijibu. Lakini sentensi iliyonisimamisha katika barua yako si ile ya madrasa. Ni ile unayosema binti hana shida.

Mtoto wa miaka 13 anayejifungia chumbani, asiyelala, asiyetaka kula, ana shida. Kaka yake analia kwa sauti, ndiyo maana amepata nafasi kubwa katika barua. Yeye amenyamaza, akahesabiwa kuwa ametulia. Katika umri huu marafiki ndio kila kitu, na nyinyi mmemtoa kwa marafiki zake mkamleta mji ambao wasichana wa rika lake hawazururi nje jioni. Kijana alihitaji mpira tu ili apate wenzake. Yeye angeanzia wapi? Mwili wake nao unabadilika wakati huohuo, na sitashangaa nikisikia kuna mtu kichochoroni aliyemtupia neno kuhusu nguo zake, neno ambalo hajakuambia.

Usimwite umkalishe kitako umhoji. Panda naye darini jua likipungua, au mkate vitunguu pamoja, kisha muulize anamkosa nani huko Meru. Jina likitajwa, mpe simu azungumze na huyo mtu mpaka atosheke, usimhesabie salio. Shuleni tafuta mwalimu mmoja wa kike umwombe amtupie jicho. Hali ikizidi wiki mbili, au akianza kukonda, masomo yakianguka, akisema hana faida, mpeleke hospitali ya kaunti ya King Fahd hapo Lamu na uombe kuelekezwa kwa mhudumu wa afya ya akili. Si lazima mtoto awe mahututi ndipo apelekwe. Akitaja kufa au kujidhuru, hata kwa mzaha, nendeni siku hiyohiyo na msimwache peke yake. Ipo pia namba ya Childline Kenya, 116, ambayo haitozi pesa, na mzazi anaruhusiwa kupiga kama mtoto.

Sasa tuje kwa lile lililokufanya uandike.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza suala la kuishi ugenini kwa miaka mingi. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard aliandika kuhusu Wanorwe waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo, akaeleza kwamba mgeni huanza na furaha, kisha hushuka, kisha hupanda tena. Maelezo hayo yalipendwa sana, na naelewa kwa nini, maana yanasema subiri tu, utapanda. Utafiti wa baadaye haukuyaunga mkono vizuri. Wengi huumia zaidi mwanzoni kabisa, wengine hupanda na kushuka mara kadhaa, na wapo wanaokaa miaka bila kupanda. Kwa hiyo mtu akikuambia "utazoea", mshukuru, lakini usimtegemee. Kinachopunguza ugumu ni kupata watu wa kukupokea na shughuli ya kukutoa nyumbani. Miezi peke yake haifanyi kazi hiyo.

Na nyumbani kwenu watu wanne wanakwenda mwendo wa aina nne. Mume wako alipokewa tangu siku ya kwanza: ana ofisi, ana baraza, ana kahawa chungu na watu wa kuuliza habari yake asipoonekana. Kijana amepokewa na kichochoro. Wewe na binti hamjapokewa na mtu. Watoto wadogo hushika lugha na desturi ngeni upesi kuliko wazazi wao. Jambo hilo limeonekana kwa wahamiaji wa kila namna, na huzaa ugomvi mwingi majumbani. Kijana anarudi anasema "ndoo" badala ya "njoo". Wewe unasikia dini inabadilika. Mimi nasikia mtoto anayetaka kuitwa timu zinapogawanywa.

Mume wako na mama yake wamekupiga na methali mbili zinazovutana, kila mmoja anadhani yake inamaliza maneno. Hata moja haitoshi. John Berry, mwanasaikolojia wa Kanada, alieleza njia nne ambazo mhamiaji hufuata: wapo wanaoacha chao wakachukua cha wenyeji, wapo wanaoshika chao na kuwafungia wenyeji mlango, wapo wanaoshika chao huku wakiishi na wenyeji, na wapo wanaopoteza vyote viwili. Kwa kawaida wa kundi la tatu ndio hutulia zaidi, hasa pale wenyeji nao wanapokuwa tayari kuwapokea. Mume wako anakupeleka njia ya kwanza, mama mkwe ya pili. Ninayemwogopea zaidi ni mtoto anayekulia ya nne: nyumbani anaambiwa majirani ni hatari, nje anaambiwa yeye si wa hapa.

Mimi ni Mgiriama wa Malindi, Mkristo, nimekulia mlango kwa mlango na Waislamu, kwa hiyo jambo moja nakwambia kama mtu wa hapa, si kama mtaalamu: miji hii inamheshimu mwenye dini yake kuliko asiye na dini. Hakuna atakayekuchukia kwa sababu unasali kama Mkristo. Na jirani yako ana hofu kama yako. Anaogopa shule itambadilisha mwanawe, anaogopa televisheni, anaogopa watalii wanaopita na kaptura, na pengine anakuogopa wewe. Francis Xavier, yule mmisionari Mkatoliki, alipopita Malindi mwaka 1542 akielekea Uhindi, aliandika katika barua kwamba Mwislamu mmoja mwenye hadhi alimlalamikia kuwa mji una misikiti 17 na inayoendewa ni mitatu tu, akamuuliza kama Wakristo nao wamelegea hivyo katika ibada. Wasiwasi wa wazazi wa Pwani kuhusu dini za watoto wao haukuanza na wewe.

Haya, kijana. Muulize anataka nini huko madrasa, na umuulize siku ambayo hamjagombana. Naweza kubahatisha. Wenzake wakiondoka kwenda kusoma, kichochoro hubaki kitupu, yeye hubaki na mpira na punda. Mtoto wa miaka 8 hafikirii itikadi saa hiyo. Anataka kuwa walipo wenzake.

Lakini sitakudanganya kwamba madrasa ni mahali pa kucheza tu. Mtoto hufundishwa Kurani, sala na misingi ya Uislamu, na mwalimu anayeijua kazi yake humlea awe Mwislamu. Kama mmeamua kumlea Mkristo, basi jibu ni hapana, na mnaweza kulitoa bila kupandisha sauti. Majirani wakiuliza, waambie tu: "Huyu tunamsomesha dini yake nyumbani." Mwislamu wa Lamu analielewa jibu hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu naye ndivyo afanyavyo.

Kisha mmsomeshe kweli. Hapana isiyo na kitu cha kuziba nafasi yake haidumu wiki. Lamu kuna walimu, wauguzi na polisi wengi kutoka bara, na baadhi yao wana watoto wanaobaki na punda saa hiyohiyo. Watafute kanisani Jumapili, mpange siku mbili au tatu za wiki, kila siku nyumba moja, watoto wasimuliwe habari za Danieli na Yusufu, waimbe, wapewe chai. (Chagueni Danieli makusudi. Alijifunza lugha ya Babeli na maandishi yake, akafanya kazi serikalini huko, na akajua ni sahani ipi ya kukataa.) Wenzake wakirudi, mwachie akacheze mpaka magharibi.

Kuhusu kufunga, jua kwamba kwa Waislamu saumu humlazimu mtu akishabalehe. Wadogo hujaribu tu, wengine nusu siku, halafu hujisifu. Alitaka kuwa na cha kujisifia. Ramadhani ijayo mwambie mapema kwamba atakula nyumbani, asitafune mbele ya waliofunga, na adhana ya magharibi ikilia anaweza kwenda kufuturu na rafiki aliyemwalika. Nawe mwonyeshe kwamba Wakristo nao hufunga, wakati wa Kwaresima au siku nyingine, ili asidhani njaa ya ibada ni ya nyumba ya jirani peke yake. Usimkemee mpaka afunge kwa siri. Siri kati ya mtoto na mzazi ina madhara kuliko siku moja ya njaa.

Hapo sasa kuna ile sahani.

Futari inayotumwa kwa jirani haina tambiko ndani yake. Mama wa nyumba ya pili alipika sambusa na tambi, akatenga za kwake, akakumbuka kwamba nyumba mpya ina watoto. Basi. Paulo aliwajibu Wakorintho swali gumu kuliko lako, la nyama iliyopita mbele ya sanamu, na hata hapo aliwaambia wakialikwa na asiyeamini wale walichowekewa bila kuuliza-uliza. Kama mchungaji wako ana mafundisho makali zaidi, zungumza naye, dhamiri ni yako. Hata ukiamua kutokula, kuna namna ya kupokea. Kilichowaumiza nadhani si kwamba hukula. Ni sahani kurudi tupu, siku ileile, pengine mkononi mwa mtoto, bila neno.

Hilo linarekebishika, na huhitaji kuungama kwamba ulikimwaga. Nunua matunda mazuri, embe au ndizi, au pika chapati. Usipeleke kitu chenye nyama mara ya kwanza. Mtu anaweza kusita kwa sababu ya uchinjaji, akaona haya kukuambia, mkaumizana tena. Nenda baada ya alasiri. Mchana watu wamepumzika, na alfajiri usijaribu. Simama kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, piga hodi, ngoja. Ukikaribishwa, vua viatu, kaa, kunywa utakachopewa, ulizia hali ya wazee na watoto kabla ya jambo lolote. Sema: "Tulipokuja nilikuwa mgeni, sikujua desturi, mnisamehe." Usieleze zaidi ya hapo.

Unasema huna mwanamke wa kuongea naye, na nadhani umewatafuta njiani. Njiani Lamu mwanamke aliyejifunika buibui anapita haraka, salamu fupi, ukaona anaringa. Maisha ya wanawake wa mji huu yamo ndani: kutembeleana jioni, kumpaka bibi harusi hina, kukaa na wafiwa, usiku wa harusi ambao mwanamume haingii. Milango hiyo haifunguki kwa mtu anayesubiri barabarani. Hufunguka kwa anayepiga hodi, na msiba ukitokea jirani, kwa anayekwenda kukaa hata bila kusema kitu. Vaa dera na mtandio au jitupie leso. Hakuna anayekudai buibui, na binti yako hali kadhalika; mwache achague mwenyewe mtandio wake dukani, atauvaa kwa moyo zaidi.

Mume wako ana kazi hapa, na umwonyeshe sehemu hii. Wanaume anaokaa nao barazani wana wake, dada na mabinti. Aseme tu, "Mke wangu angependa kuja kuwajulia hali watu wa nyumbani," na mlango uliokushinda miezi yote utafunguliwa kwa sentensi moja. Na saa tatu ni usiku kwa mtu mwenye binti asiyekula. Arudi kabla ya chakula, angalau siku kadhaa za wiki, kahawa haitakimbia.

Nyinyi wawili kaeni mkubaliane kwa sauti mambo ambayo sasa kila mmoja anayaamua kichwani mwake. Yapo ya ibada: kuswali, kusoma dini nyingine, kutamka imani ambayo si yenu. Hayo semeni hapana kwa utulivu. Yapo ya adabu: salamu, mavazi, viatu mlangoni, kutokula hadharani mchana wa Ramadhani. Hayo yachukueni bila kusita. Katikati ndipo penye kazi. Maulidi yatakuja, na kijana atataka kuona mashindano ya punda ufukoni na ya majahazi. Wapo Wakristo wanaokwenda kutazama mbio wakauacha usomaji wa Maulidi kwa wenyewe, na wapo wasiotoka kabisa. Siwezi kuwaamulia. Ninachojua ni kwamba mtoto huvumilia mpaka wowote ule kama baba na mama wanautaja sawasawa, na huchezea ule ambao baba anasema nenda na mama anasema usiende.

Shuleni, nenda kwa mwalimu mkuu uulize mwanao anasomeshwa dini gani. Mtaala una somo la dini ya Kikristo na la Kiislamu, na kila mtoto anastahili la kwake. Tatizo la kawaida ni ukosefu wa mwalimu, mtoto akaachwa akae katika darasa la wengine kwa sababu hakuna mahali pengine. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kulazimishwa kufanya jambo linalopingana na imani yake. Huna haja ya kukipeperusha mezani. Nenda na wazazi wengine wawili watatu, mkiwa na pendekezo, kwa mfano mzazi aliye tayari kusimamia watoto hao kipindi hicho.

Kuhusu mama mkwe, nisingependa umpuuze. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu, katika kaunti hiyohiyo, na wauaji waliwabagua watu kwa dini. Habari hizo zilifika kila kijiji cha bara na hazijatoka. Kwa hiyo fuateni maelekezo ya usalama mnaposafiri, hasa barabara ya Garsen hadi Mokowe, na msione aibu kuuliza polisi kabla ya safari. Lakini yule aliyewaletea sambusa si aliyeshika bunduki. Mtoto akifundishwa kuwachanganya hao wawili, atalala akiogopa ukuta wa nyumba yake.

Je, uwapeleke Meru? Kijana, hapana. Ana miaka 8, anawahitaji nyinyi kuliko anavyohitaji mahali, na akitengwa na wazazi atajifunza tu kwamba kupenda marafiki ni kosa linaloadhibiwa. Imani unayotaka abaki nayo anaipata kwa kukuona wewe ukisali, na hilo nyanya hawezi kulifanya kwa niaba yako mwaka mzima. Mpeleke likizo, akaongee Kimeru, akacheze na binamu zake.

Binti ni hesabu nyingine. Naye nisingempeleka leo, kwa sababu mtoto aliyenyong'onyea akiondolewa nyumbani anaweza kuhisi ametupwa. Lakini ukimpa muhula mmoja wa kusikilizwa, akaonwa na mhudumu, na bado anazidi kuzama, basi kurudi kwenye shule na marafiki anaowajua, kwa nyanya anayempenda, ni chaguo la heshima. Liwe chaguo lake pia. Muulizeni.

Kwa mama mkwe, Jumapili hii usingoje apige, piga wewe. Mwambie hakuna aliyesilimishwa, mwambie kijana ataanza kusoma Biblia na watoto wa walimu, kisha mwalike. Shule zikifungwa Agosti mume wako akamchukue, waulizie hali ya barabara, wafike Mokowe mchana, wavuke kwa boti. Akae wiki mbili, aende nawe kwa jirani baada ya alasiri. Bibi wawili wakianza kulalamikia wajukuu hawasimami, hata kama mmoja anachanganya Kimeru. Mwonye tu kuhusu viatu: aje na ndala au raba, maana vichochoro vya Lamu ni vyembamba, vina mawe, na punda hawachagui pa kujisaidia.